Muulize Fundi Redio: Mlio wa Morse unatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nimeona mchoro wa transmita, yaani mtambo wa kurusha mawimbi, ya Morse (ile alfabeti ya nukta na mistari) yenye transista moja tu, kristali ya kilohezi 7,030, betri ya volti 9 na kitufe cha kubonyeza. Haina maikrofoni. Sasa ule mlio wa ti-ti-taa unaingiaje hewani? Nikiitengeneza, redio yetu ya nyumbani yenye SW itaunasa? Na je, nahitaji kibali? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu hata mafundi wazoefu hulipita bila kulitazama. Mlio haupo hewani. Transmita yako hairushi sauti yoyote. Inarusha wimbi tupu, inakata, inarusha tena. Mlio unazaliwa kwenye redio ya anayesikiliza.

Tuanze na kristali. Ndani ya kile kikopo kidogo cha bati mna kipande cha kwarzi kilichokatwa chembamba mno, unene wake kama robo ya milimita. Ukikipa umeme kinajikunja, ukikikunja kinatoa umeme, na kina mwendo wake mmoja wa kutetema: hiki chako, mara 7,030,000 kwa sekunde. Transista huuchukua mtetemo huo dhaifu na kuukuza kwa nguvu ya betri, kisha sehemu kidogo ya umeme uliokuzwa hurudi kwenye kristali kwa wakati wake barabara, kama mtu anayesukuma bembea kila inapomrudia. Kwa hiyo mtetemo haufi. Umeme uliobaki hupitia kwenye koili hadi kwenye antena, unakwenda na kurudi ndani ya waya, na waya unaachia mawimbi. Wimbi moja hapo lina urefu wa mita 42 na ushei. Nusu yake ndiyo antena nzuri, yaani waya wa mita 10 hivi kila upande.

Kazi ya kitufe ni kukata na kuunga umeme wa betri. Bonyeza kidogo, hiyo nukta. Shikilia mara tatu ya hapo, huo mstari.

Redio yenu ya nyumbani sasa. Imeundwa kufuata nguvu ya wimbi inavyopanda na kushuka kwa sauti ya mtangazaji. Wimbi lako halipandi wala halishuki. Lipo au halipo. Ukibonyeza, utasikia ule mvumo wa hewani unatulia, ukiachia, unarudi. Vijana wengi wakifika hapo hudhani wamekosea kuunga, wakafumua kazi nzima. Wewe usifumue.

Tafuta redio ya pili, zile za zamani za kuzungusha mshale kwa mkono, uiweke ubavuni mwa ya kwanza. Ya kwanza iache kwenye 7,030. Ya pili izungushe taratibu sana karibu na 6,575. Redio nyingi za aina hiyo zina mtetemo wake wa ndani, ulio kilohezi 455 juu ya stesheni unayoitafuta, na mtetemo huo huvuja nje kidogo. Jumlisha 6,575 na 455, unapata 7,030. Mtetemo uliovuja ukipishana na wimbi lako kwa mara 700 kwa sekunde, spika ya redio ya kwanza italia kwa mlio wa mara 700 kwa sekunde. Sogeza mshale wa redio ya pili kidogo tu, mlio unapanda au unashuka, na transmita hujaigusa. Redio za mawasiliano huwekewa mtetemo huo ndani tangu kiwandani. Nilipokuwa afisa wa redio melini, mlio wa kila stesheni niliuchagua mwenyewe, mzito au mwembamba, kwa kuzungusha kidude kimoja.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoupiga kwa mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani Dar es Salaam, mitambo mingi duniani ilikuwa bado ya cheche, yaani ilirusha mawimbi kwa cheche za umeme. Cheche ziliruka mamia kwa sekunde, na msikilizaji aliusikia mlio wa cheche zenyewe. Tatizo lake, zilitapakaa kwenye masafa mapana, kila mtu akamwingilia mwenzake. Wimbi la kristali linakaa kwenye nafasi nyembamba sana, nguvu yake yote iko hapo, na sikio la binadamu ni hodari wa kuuchomoa mlio mmoja katikati ya mvumo. Ndiyo maana hata chini ya wati moja, anga ikiwa nzuri, unaweza kusikika mamia ya kilometa.

Lakini transista moja haitoi 7,030 peke yake. Hutoa pia 14,060 na 21,090, na hayo yataingia kwa watu wengine. Kati ya transmita na antena weka chujio la koili na kapasita. Michoro mingi ya intaneti hulikosa. Mimi sikubali mtambo wa namna hiyo uunganishwe na antena.

Kibali unahitaji, hata kwa nguvu ndogo hivyo. Kwa Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, nawe utapewa alama yako ya kujitambulisha inayoanza na 5H. Kabla ya hapo usifunge antena. Weka resista ya omu 50 mahali pake, iimeze nguvu ya transmita: mawimbi machache yanayovuja yanatosha kwa redio zako mbili zilizo hapo hapo mezani.