Afisa ustawi anakuja nyumbani: tujiandae vipi kabla ya kuasili mtoto?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 36, mume wangu 42, na huu ni mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu bila mtoto. Tumepeleka maombi ya kuasili, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa imetuambia afisa atakuja kutuchunguza nyumbani. Tumepanga Mbagala, vyumba viwili na sebule, choo tunachangia na wapangaji wengine. Mimi nina genge la mboga; mume ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Congo. Mdogo wake wa miaka 19 anaishi nasi. Mume ana mtoto wa miaka 13 aliyempata kabla ya kunioa, analelewa na mama yake Mbeya. Dada yangu anasema tusimtaje, tutaharibu. Mama mkwe naye hajaambiwa kitu. Je, tuhame kwanza tupate nyumba nzuri? Tununue kitanda cha mtoto? Na huyo afisa anaangalia nini hasa?

JIBU: Marahaba. Nianze na ushauri wa dada yako, maana huo unaweza kuwaangusha kuliko hicho choo cha kuchangia. Mtoto wa Mbeya mtajeni. Mtajeni mapema, kwa jina na umri, anaishi na nani, anasoma wapi, na baba yake anamhudumia vipi.

Afisa atawauliza kila mmoja kwa nafasi yake ana watoto wangapi. Ataongea na mjumbe, na majirani, na watu mliowataja kuwa wanawafahamu. Katika watu wote hao, mmoja atasema tu, wala si kwa ubaya: "Yule kijana wa Mbeya si alikuja likizo?" Hapo shida haitakuwa tena mtoto wa nje. Afisa atajiuliza ni nini kingine mmeficha, na swali hilo litaingia kwenye ripoti. Isitoshe, mtoto huyo anaweza kuwa shahidi mzuri kwenu. Baba anayesafiri wiki mbili na bado ada na sare za mwanawe hazichelewi, huyo amejieleza kabla hajafungua mdomo. Kama hahudumii, semeni ukweli huo pia, na mseme mna mpango gani. Afisa mzoefu anaelewa maisha. Hakuna anayetafuta malaika Mbagala.

Jambo hilo lina upande mwingine ambao watu huusahau: mtoto huyo atapata mdogo wake. Je, ameambiwa? Akisikia mtaani kwamba baba "amechukua mtoto" wakati yeye yuko kwa mama yake, ataelewa nini? Mkiweza kusema kwamba baba yake amekwisha kuzungumza naye, mtakuwa mmejibu swali gumu kabla halijaulizwa.

Sasa, anaangalia nini. Kwa Tanzania Bara kazi hii inaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kipimo chake ni maslahi ya mtoto. Kwenye umri hamna tatizo: sheria inataka mwombaji, au angalau mmoja wenu mnapoomba kama mume na mke, awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Baada ya hapo kinachobaki ni ripoti. Ripoti hiyo itasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga kwenu: kwanza ofisi ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, inayoamua kama mpewe mtoto kwa malezi ya kambo, yaani mkae naye kwa kipindi cha majaribio kabla hajawa wenu kisheria, na baadaye mahakama, inayotoa amri ya kuasili. Kwa hiyo afisa akitoka kwenu lazima aweze kumweleza mtu wa mbali jinsi siku nzima ya mtoto itakavyokuwa katika nyumba hiyo, tangu anaamka mpaka analala.

Jiandaeni kwa njia hiyo hiyo. Kaeni na mumeo akiwa hayuko safarini, muipitie siku. Wewe unaenda sokoni alfajiri kufuata mboga. Mtoto anabaki na nani? Ukisema "na shemeji," shemeji amekubali, au ndiyo kwanza anasikia? Ukisema utatafuta dada wa kazi, atalala wapi katika vyumba viwili? Kule gengeni jua likiwa kali, mtoto atakuwa wapi? Homa ikimpanda saa 8 usiku na baba yuko Tunduma kwenye foleni ya mpakani, nani atakusindikiza hospitali na kwa usafiri gani? Jirani unayemtegemea, mtajie afisa jina lake. Jirani mmoja wa kweli ana uzito kuliko sofa mpya.

Msihame. Kupanga hakumzuii mtu kuasili, na choo cha kuchangia si kosa kama ni kisafi na njia ya kwenda huko usiku ni salama. Mkihama sasa mtaingia mtaa ambao mwenyekiti wake hawajui, majirani hawawajui, na uchunguzi huenda ukaanza upya. Muhimu zaidi ni mkataba wa pango au risiti zake, na mwenye nyumba ajue mnatarajia mtoto. Wapo wenye nyumba wasiopenda watoto wadogo. Bora mjue leo.

Mazingira ya ndani yatakaguliwa, ndiyo, ila si kwa kupima rangi ya ukuta. Afisa ataangalia jiko la mkaa linawashwa wapi na linapoa wapi, na mtungi wa gesi umekaa wapi. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda yaondoeni hata kama hamna mpango wa kuasili, maana mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Sumu ya panya na dawa zikae juu, mahali panapofungwa. Ndoo na madumu ya maji yawe na mifuniko. Mtoto anayeanza kutambaa anaweza kuzama kwenye maji ya ndoo moja tu. Waya za umeme zilizochubuka zirekebishwe. Chandarua kiwepo. Haya hayali pesa nyingi, na yakishafanyika anayeingia anaona.

Kitanda subirini. Bado hamjui mtapewa mtoto wa umri gani, na kitanda cha kichanga hakimfai mtoto wa miaka 4. Afisa anataka kuoneshwa mahali atakapolala. Mchanga analala chumbani kwenu bila shida. Akikua, na hasa akiwa wa kike, nani atalala chumba kipi ukizingatia kuna kijana wa miaka 19? Kuweni na jibu. Na huyo kijana msimpeleke kwa shangazi siku ya ukaguzi. Ni mtu mzima anayeishi humo, afisa atataka kumsikia, na mswaki wake bafuni utamtaja hata asipokuwepo.

Mahojiano ndiyo sehemu nzito. Mtahojiwa pamoja, na kila mmoja peke yake. Mtaulizwa habari ya kukosa mtoto: mlipima, mlitibiwa, mnalichukuliaje sasa. Wengi hukasirika hapa, wakiona ni umbea. Sivyo. Mtoto anayeletwa kuziba pengo la aliyekosekana hubebeshwa mzigo usio wake, na afisa anataka kujua kama huzuni hiyo mmeizungumza au mmeifungia kabatini. Mtaulizwa: Mungu akijalia ukashika mimba, huyu atakuwa nani? Mnaadhibu vipi mtoto? Akikojoa kitandani akiwa na miaka 6? Mtamwambia lini kwamba hamkumzaa? Mko tayari kwa mtoto mwenye ulemavu, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU?

Msikariri majibu. Mume na mke wakijibu neno kwa neno sawasawa, afisa hufunga daftari akiwa na wasiwasi zaidi. Kutofautiana kunaruhusiwa; kibaya ni kutojua mwenzako anataka nini. Nimeona hata mume anataka wa kiume wa miaka 3, mke anasubiri kichanga wa kike, na wote wawili wanalisikia hilo kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni.

Kuhusu mama mkwe: aambiwe na mwanawe, si wewe, na kabla afisa hajaja. Hana kura kisheria. Lakini amri ya kuasili ikishatolewa, mtoto huyo anakuwa wenu kama mliyemzaa, pamoja na haki ya kurithi, na hapo ndipo maneno ya "mtoto wa kuokota" huanza kwenye misiba na vikao vya ukoo. Afisa atauliza ndugu wanasemaje. Kujibu "bibi alikasirika, sasa anauliza atakuja lini" ni jibu zuri. Kujibu "hajui" ni jibu baya. Kama ninyi ni Waislamu, suala la nasaba na ubini litajitokeza nyumbani hata afisa asipoliuliza. Zungumzeni na shehe mnayemwamini, na mjue kwamba wapo wanaochagua kulea bila kuasili. Zanzibar, ambako Sheria ya Mtoto ni nyingine, ya mwaka 2011, kafala, yaani kulea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha nasaba, imewekwa ndani ya sheria yenyewe.

Makaratasi ni kazi ya siku chache: vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, ripoti ya daktari kwa wote wawili, na ushahidi wa kipato. Ofisi yenu itawaambia kama kuna kingine. Kwenye afya msifiche presha wala kisukari. Ugonjwa unaotibiwa una maelezo. Kwenye kipato, genge halina hati ya mshahara, lakini daftari la mauzo, taarifa ya miamala ya simu na kitabu cha kikoba vinaonesha mzunguko. Posho za safari za mumeo ziandikwe kama zilivyo, miezi mizuri na mibaya. Madeni pia. Tafadhali msikope ili kunenepesha akaunti: pesa iliyoingia juzi inaonekana kuwa imeingia juzi.

Siku yenyewe pika unachopika siku zote. Maji au chai yanatosha. Bahasha usitoe, na ukiombwa usitoe vilevile. Sheria hairuhusu mtu kulipwa ili mtoto aasiliwe, nje ya kile mahakama itakachoidhinisha, na ukiombwa kitu nenda kwa mkuu wa ofisi hiyo. Wala msianze kuzunguka kwenye makao ya watoto kuchagua wenyewe.

Ukaguzi hautakuwa mmoja. Mkikubaliwa na kupewa mtoto kwa malezi ya kambo, afisa ataendelea kuja kipindi chote hicho, mara nyingine bila taarifa, ndipo aandike ripoti ya mahakamani. Kwa sasa muulize mumeo safari yake inayofuata ni lini, kisha wewe ndiye umpigie afisa simu, umtajie siku mbili tatu ambazo dereva yuko nyumbani na amelala vya kutosha.