Wati 200 na Mtoto Aliyelala

Katika safu hii fundi wetu wa redio na spika anajibu maswali ya wasomaji. Mwezi huu barua nyingi zilihusu muziki wa sauti ndogo nyumbani.

SWALI: Ndugu fundi, pole na kazi. Ninaishi Sinza, na nyumbani nina amplifaya ya mtumba iliyoandikwa wati 200 kwa kila upande, pamoja na spika mbili za kuweka juu ya kabati ambazo nyuma yake zimeandikwa omu 6 na desibeli 86. Mchana muziki unatoka vizuri mno. Tatizo ni baada ya saa nne usiku, mtoto mchanga akishalala, ninapotaka kusikiliza taarab na dansi la zamani kwa sauti isiyovuka mlango wa chumbani. Hapo besi inapotea kabisa, gitaa linakuwa kama linapigwa ndani ya kopo, na upande wa kushoto unasikika kuliko wa kulia. Muuzaji mmoja wa Kariakoo amenishauri ninunue amplifaya ya wati 400, akisema kwamba hii niliyo nayo haina nguvu ya kusukuma. Je, nimsikilize?
Msomaji, Sinza

JIBU: Hongera kwa mtoto, ndugu yangu, na fedha ya hiyo amplifaya ya wati 400 mnunulie yeye nepi. Tatizo lako si upungufu wa nguvu. Usiku unatumia nguvu ndogo kiasi kwamba hizo wati 200 karibu zote zimelala pamoja na mtoto.

Desibeli 86 zilizoandikwa nyuma ya spika maana yake ni kwamba spika hiyo ikipewa wati 1, mtu aliyesimama mita 1 mbele yake atapata sauti ya desibeli 86, ambayo ni sauti ya kumlazimisha mgeni wako apaze koo ndipo asikike. Kila nguvu inapopunguzwa mara 10, sauti hushuka desibeli 10. Kwa hiyo wati 0.1 hutoa desibeli 76, wati 0.01 hutoa desibeli 66, na ukiondoa kinachopungua njiani mpaka kwenye kochi, hapo unakuwa umefika kwenye kiwango cha watu wawili wanaozungumza kwa kawaida. Nilijaribu sebuleni kwangu kwa spika zinazofanana na zako, nikagusisha mita kwenye skrubu za nyuma ya spika wakati muziki umeshushwa kwa ajili ya usiku, na namba zikawa zinachezacheza kuzunguka robo ya volti bila kupanda zaidi. Robo ya volti kwenye spika ya omu 6 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme) ni sehemu moja ya mia ya wati. Amplifaya ya wati 200 ikifika mwisho wake hutoa karibu volti 35 kwenye spika hiyohiyo. Ukinunua ya 400 utaongeza desibeli 3 kule juu kabisa, mahali ambapo hujawahi kufika hata siku ya ubarikio.

Wa kwanza kulaumiwa, basi, ni sikio lako, na langu, na la kila mtu. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo sikio linavyozidi kuwa zito kwa besi kuliko kwa sauti za kati. Kwa vipimo vinavyotumika siku hizi, sauti ya kati ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, ikiwa na desibeli 80, besi ya hezi 100 inahitaji ziada ya kama desibeli 12 ili isikike sawa nayo. Sauti hiyo ya kati ikishushwa mpaka desibeli 40, besi ileile inahitaji ziada ya kama desibeli 24. Waliorekodi dansi lako walisawazisha vyombo wakiwa wamefungulia spika za studio kwa sauti ya kutosha. Wewe ukiishusha, gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene huanzia hezi 41, ndilo linalozama kwanza, na kinachobaki juu ya maji ni gitaa la solo na mwimbaji.

Dawa yake ipo kwenye amplifaya nyingi na watu hawaitumii, nayo ni kitufe cha laudinesi (kimeandikwa "loudness"), ambacho kazi yake ni kurudisha besi, na mara nyingine trebo kidogo, wakati wa sauti ndogo. Kwenye amplifaya kadhaa za Yamaha kitufe hicho ni cha kuzungusha: unapandisha kwanza sauti mpaka kiwango chako cha mchana, kisha unaishusha kwa kutumia laudinesi yenyewe, na besi inabaki mahali pake. Kama yako haina, ongeza besi kwa mkono na asubuhi uirudishe. Wapo wanaoamini kwamba kugusa besi ni kumkosea heshima mpiga muziki. Mimi siungani nao, angalau baada ya saa nne usiku.

Sasa huo upande wa kushoto unaouzidi wa kulia. Ukifungua kitufe cha sauti utakuta ndani yake kanda mbili za kaboni nyeusi zilizopinda kama kiatu cha farasi, moja ya kushoto na moja ya kulia, na vidole viwili vidogo vya chuma vinavyoteleza juu yake kwa kusukumwa na mhimili mmoja. Kanda hizo hazifanani kabisa, na tofauti yake huwa kubwa zaidi pale mwanzoni kabisa mwa mzunguko, kwenye saa moja na saa mbili kama kitufe kingekuwa saa inayoanzia chini kushoto. Ukiongeza vumbi na unyevu wa pwani yetu, unapata na mikwaruzo juu yake. Swali la kujiuliza ni kwa nini usiku unabaki kwenye kipande hicho kibaya, na jibu ni kwamba amplifaya yako inapokea mawimbi ya umeme ya muziki yaliyo makubwa kuliko inavyohitaji. Mashine ya sidii hutoa hadi volti 2, ilhali amplifaya nyingi za zamani hufika mwisho wa nguvu zake zikipewa volti 0.2 tu. Ni sawa na kufungulia bomba la zimamoto ili ujaze kikombe.

Kwa hiyo punguza mawimbi kabla hayajaingia. Kama chanzo chako ni simu au televisheni, ishushe sauti yake hadi nusu au chini zaidi, kisha upandishe kitufe cha amplifaya mpaka karibu na katikati, ambapo kanda mbili zile zinakubaliana. Kama ni mashine ya sidii isiyokuwa na kitufe cha sauti, mwambie fundi aliye karibu nawe akufungie kwa kila upande rizista mbili: ya omu 10,000 kwenye njia ya mawimbi, na ya omu 1,000 kutoka baada ya hiyo ya kwanza kwenda kwenye waya wa hasi. Mawimbi yatapungua mara 11, yaani kama desibeli 21. Vifaa hivyo vinne ni vya bei ya soda, na kwa maoni yangu vitakusaidia kuliko amplifaya mpya.

Ukishafanya hayo na bado ukasikia sauti nyembamba yenye ukungu usiku, ukungu ambao mchana haupo, mwambie fundi apime bayasi, yaani mkondo mdogo unaoziweka transista za mwisho tayari hata muziki ukiwa kimya. Katika amplifaya nyingi wimbi hubebwa na transista mbili zinazopokezana, mmoja wa juu na mwenzake wa chini, kama wachukuzi wawili wanaopeana gunia mlangoni. Bayasi ikiwa imeshuka, gunia hudondoka kidogo kila wanapopeana. Wakati wa sauti kubwa safari ni ndefu na kudondoka huko hakuonekani. Wakati wa sauti ndogo safari nzima ni pale mlangoni. Amplifaya ya mtumba iliyokaa miaka mingi inastahili kipimo hicho hata kama haijalalamika.

Mwisho kwa upande wako, sogeza spika zikaribie ukuta, kwa kuwa ukuta wa tofali za saruji huirudisha besi sebuleni bila kutumia umeme wowote. Kama sanduku lina tundu la hewa kwa nyuma, acha shubiri moja. Ningekushauri pia uzime feni, maana mvumo wake hufunika nusu ya vitu vidogo unavyovitafuta, ila mwezi wa Februari sithubutu kumwambia hivyo mtu yeyote wa Dar es Salaam.

SWALI: Salaam fundi. Marehemu mume wangu aliniachia spika mbili kubwa za masanduku ya mbao, ambazo karatasi yake inasema desibeli 96 na omu 8. Mwanangu amenifungia amplifaya ndogo ya kisasa inayopokea muziki wa simu kwa blutuzi. Inaimba vizuri, lakini nyimbo zinapotulia nasikia mlio wa "shhh" kama mvua ya mbali. Nakaa ghorofani, kimya, na mlio huo unanikera.
Mama, Upanga

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Marehemu alichagua vizuri. Spika za desibeli 96 ndizo hasa za kusikilizia sauti ndogo, kwa kuwa zinahitaji moja ya kumi tu ya nguvu anayohitaji yule ndugu wa Sinza. Ubaya wake ni kwamba hazifichi siri, na mvumo ambao kwenye spika zake usingesikika, kwako unatoka desibeli 10 zaidi.

Shusha sauti ya amplifaya mpaka sifuri kabisa, kisha usogeze sikio karibu na spika ndogo ya juu. Kama "shhh" imepotea, inatoka kwenye simu au kwenye blutuzi, na dawa ni kupandisha sauti ya simu karibu na mwisho na kushusha ya amplifaya, kinyume kabisa na nilivyomwelekeza mwenzako hapo juu, ambaye yeye tatizo lake halikuwa mvumo. Kama imebaki vilevile, inatoka kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, baada ya kitufe cha sauti, na hakuna kitufe cha nje kitakachoiondoa. Hapo muulize mwanao ni aisii gani (kile kipande cheusi chenye miguu mingi kinachokuza sauti) iliyomo ndani. Nyingi za amplifaya hizi ndogo hutumia TPA3116, ambayo ukuzaji wake unaweza kupangwa kwa rizista kuwa desibeli 20, 26, 32 au 36. Kwa spika zako 20 inatosha na kubaki. Mvumo utashuka, na muziki utaurudisha kwa kuzungusha kitufe mbele kidogo.

Ukiwa hapohapo, toa kitambaa cha mbele na uguse taratibu duara la sponji linalozunguka spika kubwa. Joto na unyevu huila sponji hiyo hata kama spika haipigwi. Ikimeguka kama biskuti, usiendelee kuipiga kwa nguvu. Duara jipya linaweza kugundishwa, na spika ikarudi kama zamani. Spika ambazo duara lake ni la mpira au la kitambaa huwa hazina ugonjwa huu.

SWALI: Nina spika mbili za omu 8 sebuleni na nimepata nyingine mbili za omu 4. Nataka zote nne ziunganishwe kwenye amplifaya moja ili nyumba nzima ipate muziki laini. Inawezekana?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ya omu 8 na ya omu 4 zikiunganishwa sambamba upande mmoja hukupa kama omu 2.7, na amplifaya nyingi za nyumbani zimeandikwa nyuma kwamba hazitaki chini ya 4, kwa kuwa omu zikipungua mkondo huongezeka. Kwa muziki laini hutaona shida yoyote, na huo ndio mtego wenyewe, maana mkondo ni mdogo na amplifaya inabaki baridi. Shida itakuja siku ya Idi, shemeji atakapozungusha kitufe bila kukuuliza. Ukiziunga kwa kufuatana utapata omu 12, na amplifaya itakuwa salama, lakini spika zisizofanana zikifuatana kila moja huiharibia mwenzake mpangilio wa besi. Mimi ningeziuza hizo za omu 4 na kutafuta jozi nyingine ya omu 8, ambayo sambamba na ya kwanza hukupa 4 kamili.

SWALI: Sabufa yangu imeandikwa kwenye boksi wati 10,000. Kwa nini usiku haina raha, na wapangaji wenzangu wanalalamika?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Achana na boksi, soma kibati cha nyuma penye waya wa umeme. Kikiandikwa wati 60, hizo ndizo inazokula kutoka ukutani, na hakuna mashine inayotoa kuliko inavyokula. Wati hizo zinakutosha mno kwa chumba kimoja. Usiku ongeza kitufe cha besi kidogo tu kuliko mchana, kisha inua sanduku kutoka sakafuni na uliweke juu ya kipande cha godoro la sponji kilichokunjwa mara mbili. Majirani wanachokisikia ni mtikisiko unaopita kwenye sakafu na kuta, zaidi ya muziki wenyewe. Wewe utabaki na besi yako chumbani, na malalamiko mengi yatapungua kuanzia usiku huohuo.