Jina Limetoka JKT na Dhamiri Inakukataza? Sema Siku ya Kwanza

Kila majina ya kidato cha sita wanaokwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, yanapotoka, vijana wa kanisani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, hunifuata na swali lilelile: kaka, nikatae?

Mimi nilikwenda. Mama alininunulia bukta ya bluu, raba na shuka mbili za bluu bahari kama tangazo lilivyotaka, mzee wa kanisa akaniombea, nikapanda gari pale Kange. Sikuwa nimejiuliza dhamiri yangu inakataa kitu gani hasa. Sabato ya kwanza, Jumamosi yetu ya ibada, nikalima. Ya pili nikalima tena, machozi yakinilengalenga, nikijua saa hiyo nyumbani wanaimba. Wiki ya tatu ndipo nikamfuata afande. Akanitazama. "Kuruta, Sabato yako imeanza leo?"

Sikuwa na jibu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwishowe alikubali nibadilishane zamu, nikawa nafanya kazi za wenzangu Jumapili. Lakini hadi tunamaliza wapo walioniona mvivu aliyejificha nyuma ya dini, na hilo liliniuma kuliko malengelenge ya jembe.

Kwa hiyo mdogo wangu, jua kwanza unakataa nini. Kutofanya kazi siku ya ibada, kutoshika silaha, na kukataa jeshi zima ni mambo matatu tofauti. Desmond Doss, Msabato wa Marekani, hakugusa bunduki, lakini alikwenda vitani kuhudumia majeruhi. Kule Okinawa mwaka 1945 aliwateremsha kwa kamba kutoka juu ya jabali, mmoja mmoja, makumi ya watu. Bondia Muhammad Ali yeye alikataa jeshi lenyewe mwaka 1967 kwa imani yake ya Kiislamu. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, na hatia ikafutwa na mahakama ya juu kabisa mwaka 1971 tu. Gharama ipo, asikudanganye mtu, na kwetu JKT ni kwa mujibu wa sheria. Kujificha nyumbani kimyakimya usikuite msimamo.

Omba barua ya kanisa au msikiti wako mapema. Ikabidhi siku unaporipoti, kabla ya kupangiwa kombania, yaani kundi lako kambini, na papo hapo taja kazi utakayoifanya badala yake: jikoni, usafi, zahanati. Kama bado hujui mstari wako uko wapi, kamwone mzee wa kanisa kabla hujaenda kununua raba.