Sheria ya biashara: anza na swali la nani anadaiwa

Anayeanza kujifunza sheria ya biashara hukimbilia mikataba. Si vibaya, ila kwa muda ambao nimekuwa nikiwapitia watu mikataba yao, magomvi mengi niliyokutana nayo hayakuhusu kama mkataba upo au haupo. Yalihusu nani hasa aliyeuingia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni wa somo hili ni kutanguliza swali moja: deni likiiva, atakayeshikwa ni nani?

Ukifanya biashara peke yako kwa jina lako, jibu ni wewe, pamoja na kila ulicho nacho. Hapo hakuna la kujadili.

Kwenye ubia ndiko watu wanakoponzeka, kwa sababu wengi hudhani ubia huanza mnapoandikishana. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilizorithi mfumo huo wa sheria zimeifuata, inautambua ubia pale watu wanapoendesha biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Haidai karatasi. Marafiki wawili wanaweza kuwa wabia bila hata kulitamka neno hilo. Mmoja akichukua bidhaa kwa mkopo kwa ajili ya biashara yao, mdai anaweza kumbana mwenzake kwa deni zima, wala si nusu yake. Baadaye watadaiana wao kwa wao, lakini mdai atakuwa ameshalipwa. Mkishirikiana na mtu, andikeni, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Kampuni ni habari nyingine, na kesi ya kuisoma ni ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Mwaka 1892 aliiuzia kampuni mpya biashara yake. Wanahisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007, yeye alishika 20,001. Kampuni ilipoanguka, mfilisi, yaani aliyeteuliwa kuivunja na kuwalipa wadai wake, alitaka Salomon abebe madeni ya kampuni, na mahakama za chini zikakubali: kampuni gani hii ya mtu mmoja na familia yake? Novemba 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likakataa. Kampuni ikishasajiliwa kihalali, ni nafsi nyingine mbele ya sheria, na deni lake si la mwanahisa.

Vitabu huishia kushangilia hapo. Wakopeshaji nao waliisoma kesi hiyo hiyo, wakajua la kufanya: wanamtaka mkurugenzi asaini udhamini binafsi, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa. Karatasi hiyo mara nyingi imo katikati ya fomu za mkopo, na sahihi yake inaubomoa ukuta wote uliojengwa kwa kusajili kampuni. Nikipewa fomu za mkopo, ndiyo ninayoitafuta kwanza. Naangalia kama udhamini una kikomo cha fedha, kama unagusa mkopo huu tu au na ile ijayo, na kama unaendelea hata baada ya mtu kuacha kazi katika kampuni. Kikomo huweza kujadiliwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, ila kabla ya kusaini.

Upande wa pili wa meza, wewe ukiwa muuzaji, hakikisha mkataba una jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, si jina lililo kwenye kibao. Thibitisha kwa msajili kuwa ipo, na kwamba anayesaini ana mamlaka ya kuiingiza kwenye mkataba.

Baada ya hapo rudi kwenye mikataba, kisha mauzo ya bidhaa, hasa wakati gani umiliki unahama. Usuluhishi, yaani kumpa msuluhishi aamue ugomvi badala ya mahakama, unaweza kusubiri hadi mdaiwa wako awe na mali nje ya nchi. Hapo soma Mkataba wa New York wa 1958, unaowezesha tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, iliyotolewa nchi moja mwanachama kutekelezwa katika nyingine.