Muulize Fundi: Giaboksi imegoma kukaa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko gereji kwa mjomba wangu hapa Kihonda, Morogoro. Tumeshusha giaboksi ya Hiace ya dizeli kwa sababu rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ilikuwa inalia kila dereva akikanyaga klachi. Tumeweka rilizi mpya na pleti mpya ya klachi. Sasa kurudisha ndiyo shughuli: giaboksi inaingia vizuri, halafu inabaki nafasi ya kama vidole viwili kati yake na injini na haisogei tena. Tumesukuma hadi mabega yanauma. Mjomba anasema tutie bolti ndefu tukaze, itajivuta yenyewe. Mwenye gari anapiga simu kila saa. Tukaze?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, kijana. Msikaze. Mjomba wako nampa heshima yake, ila hapa namkatalia. Bolti za giaboksi ni za kushikilia kitu kilichokwisha kukaa. Ukizitumia kuvuta, kitakachotangulia kusalimu amri ni sikio la hausingi, yaani ganda la giaboksi, maana ile ni aluminiamu, au kitovu cha pleti mpya kitapinda na klachi haitaachia vizuri hata siku moja. Hapo mtamwambia nini mwenye gari?

Swali langu ni hili: presha, yaani lile kava linalobana pleti, mliifungua? Kama mlibadilisha pleti, lazima mliifungua, na ugonjwa uko hapo. Mngebadilisha rilizi peke yake bila kugusa presha, pleti ingebaki imebanwa palepale ilipokuwa na giaboksi ingerudi bila ugomvi. Ukilegeza presha, pleti inashuka kwa uzito wake milimita chache tu. Chache hizo zinatosha. Shafti ya giaboksi inapita kwenye meno ya pleti kwa kulazimisha, halafu ncha yake inagonga pembeni ya ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Vidole viwili vyenu ndivyo hivyo.

Shusheni tena. Najua inauma, ila ni kazi ya muda mfupi kuliko kutafuta hausingi nyingine. Legezeni bolti sita za presha, msizitoe, hadi pleti isogee kwa kuisukuma na kidole. Kama hamna kile kifaa cha plastiki cha kuweka senta, tafuteni kwa wauza vyuma chakavu shafti ya mbele ya giaboksi iliyokufa ya aina hiyohiyo. Ikikosekana, chukueni kijiti kigumu na mkizungushie tepu: nchani kiingie kwenye beringi ndogo bila kucheza, nyuma kijae kwenye tundu la pleti. Kikiwa ndani, kazeni presha kwa kukingamisha, kidogo kidogo, bolti hii kisha ile inayotazamana nayo. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, presha inakaa upande. Kijiti kikitoka na kuingia kwa vidole viwili bila kukwama, mko sawa.

Mkiwa hapo, hakikisheni pleti haijageuzwa. Kwa kawaida upande wenye springi zilizotokeza unatazama giaboksi. Kwenye meno ya shafti pakeni grisi kiasi cha kung'arisha tu. Ikizidi, inarushwa kwenye pleti, na klachi mpya itateleza.

Sasa kupandisha. Giaboksi ikitoka, injini ya Hiace inabaki kwenye mauntini (vishikizo) za mbele na makalio yake yanashuka. Wekeni jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili la injini, ubao katikati, sampu isibonyee. Gari lenyewe liwe juu ya stendi. Chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake sitaki mtu. Kisha angalieni ile nafasi kati ya hausingi na injini. Chini ikiwa pana kuliko juu, injini imelala nyuma: pandisheni jeki yake kidogo au shusheni mkia wa giaboksi. Nafasi ilingane pande zote kabla ya kusukuma.

Kitu ambacho gereji nyingi hazina, na ni bure: tafuteni bolti mbili ndefu za uzi uleule, kateni vichwa, chongeni mfereji wa bisibisi kwenye ncha. Zifungeni kwenye matundu mawili ya juu ya injini. Giaboksi inateleza juu yake kama droo, na uzito hauning'inii kwenye pleti. Ikikaa, mnazifungua kwa bisibisi na kutia bolti zenyewe.

Ikigoma kwa sababu ya meno, tieni gia ya nne, mmoja asukume polepole huku mwingine akizungusha shafti ya mkiani kwa mkono. Mtasikia meno yakipokea. Hausingi ikigusana na injini mzunguko mzima, hapo ndipo mnashika spana. Rilizi iwe imeshikwa na vibanio vyake kwenye uma unaoisukuma, maana ikidondoka ndani mtashusha tena. Na oili ya giaboksi iliyomwagika mkiani irudishwe kabla dereva hajawasha. Mwenye gari mwambieni aje kesho.

SWALI: Fundi, gari langu limebadilishwa klachi wiki iliyopita. Giaboksi ilirudi bila shida, lakini sasa rivasi inasaga injini ikiwaka. Ikizimwa gia zote zinaingia laini. Fundi wangu anasema nizoee, klachi mpya ni ngumu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usizoee. Klachi haiachii. Kama gari lako lina klachi ya mafuta, aanze kwa kutoa upepo: wewe ukanyage pedali, yeye afungue nipo (kiskrubu cha kutolea upepo) kwenye silinda ya chini, aifunge kabla hujaachia, mafuta ya breki yasiishe kwenye chupa ya juu. Rudieni hadi mapovu yakome. Akimaliza na rivasi bado inasaga, huenda pleti imegeuzwa au kitovu chake kimepinda wakati wa kurudisha giaboksi. Hapo aishushe yeye mwenyewe, na usimlipe mara ya pili.