Mnaoanza GMAT, punguzeni hizo C kwenye uwiano

Nawapenda, wadogo zangu, lakini hizi C zimezidi. Swali la utoshelevu wa data kwenye GMAT (mtihani wa kuingia shule za biashara) hutoa taarifa mbili, (1) na (2), na kuuliza kama zinatosha kulijibu: A ni (1) peke yake inatosha, B ni (2) peke yake, C ni zote mbili kwa pamoja tu, D ni kila moja peke yake, E ni hata kwa pamoja hazitoshi. Likitaja uwiano tu, mnatafuta idadi kamili hata kama hakuna aliyeiuliza, mnaunganisha taarifa zote mbili na kuondoka mmeridhika.

1. Kabla ya kugusa (1), jiulize swali linataka kiasi au sehemu. Mfano: theluthi ya wavulana wanavaa miwani, na robo ya wasichana. Ni sehemu gani ya darasa inavaa miwani? (1) Wavulana kwa wasichana ni 3:5. (2) Darasa lina wanafunzi 96. Weka 3k na 5k: wenye miwani ni k + 1.25k; gawa kwa 8k, k inakatika, inabaki 9/32. Hiyo 96 ni chambo. Ikiwa peke yake, wasichana wanaweza kuwa 12, 24, 36 na kuendelea, na sehemu inabadilika kila mara. Jibu ni A. Tena kwenye mtihani msifike hata kwenye 9/32. Mkishaona k inakatika, kalamu chini.

2. Swali likitaka kiasi, angalia kinachohesabiwa. Uwiano ni 3:5 na jumla inazidi 40 lakini haifiki 50. Wasichana ni wangapi? Wengi husema haitoshi kwa kuwa jumla haikutajwa. Inatosha! Mtoto hakatwi vipande, kwa hiyo jumla ni kigawe cha 8, na hapo katikati kipo 48 peke yake: wasichana 30. Ikiandikwa "si chini ya 40", 40 nayo inaingia na utoshelevu umekufa. Badala ya watoto weka lita za maji na maziwa, umekufa pia.

3. Hapa ndipo maangamizi yalipo: "milinganyo miwili, herufi mbili, basi C." Wasichana ni wangapi? (1) Wavulana kwa wasichana ni 3:5. (2) Wakiongezwa wavulana 3 na wasichana 5, uwiano utakuwa 3:5. Andika ya pili: 5(v + 3) = 3(s + 5). Kuna 15 kila upande, zinafutika, inabaki 5v = 3s, ambayo ndiyo (1) yenyewe ikiwa imevaa kanzu. Jibu ni E. Sasa badilisha (2): wakiongezwa wavulana 4 na wasichana 4, uwiano utakuwa 2:3. Kwa 3k na 5k unapata 9k + 12 = 10k + 8, k ni 4, wasichana 20. Hiyo C ni halali. Tofauti ni kwamba walioongezwa mara ya kwanza walikuja kwa uwiano ule ule, wasisogeze kitu. Wa pili waliusogeza, na kiasi ulichosogea kinafichua ukubwa wa darasa.

Watunzi hufurahia kuficha 3:5 hii. Wasichana ni 5/8 ya darasa. Wavulana ni pungufu ya wasichana kwa asilimia 40. Wasichana wanawazidi wavulana kwa theluthi mbili ya wavulana. Zote ni kitu kimoja, ila asilimia lazima uulize ni ya nani. Taarifa mbili zikisema jambo lile lile, A, B na C zimekufa. Bado D au E.

4. Ukisoma (2), sahau (1) kabisa.

5. Kikokotoo kipo, kwa kuwa maswali haya sasa yako kwenye sehemu ya mtihani iitwayo Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45. Ukijikuta unakifungua kwa swali la uwiano, rudi namba 1.

6. Je, x inazidi y? Umepewa x/y > 1. Usizidishe kwa y kabla ya kujua alama yake: 3 na 2 zinakubali, -3 na -2 nazo zinatoa 1.5, ila x ndiyo ndogo. Haitoshi, mpaka uambiwe y ni chanya au hasi. Ikiwa hasi, jibu ni "hapana" la uhakika, na hiyo nayo ni kutosha.