Hiyo flashi usiichomeke: Once Upon a Time in the West haitazamwi ya kutafsiriwa

Mkuu, acha. Hiyo flashi usiichomeke popote.

Nimesoma bandiko lako nikarudia kuhakikisha sijakuelewa vibaya. Jamaa wa duka la muvi kakuwekea Once Upon a Time in the West, kauboi ya mwongozaji Sergio Leone, "imetafsiriwa Kiswahili safi", saa mbili na dakika ishirini na tano, na Jumamosi mnaketi wewe na mdogo wako kuitazama kwa mara ya kwanza. Unauliza kama ndiyo picha bora ya kisasi kuliko kauboi zote, kama Charles Bronson, steringi wake, anamfikia Clint Eastwood, kama mtoto wa darasa la saba anaweza kuitazama, na baada ya hapo mtafute ipi. Wakuu wamekujibu. Mmoja kasema inasinziza. Mwingine kasema Bronson ni gogo. Wa tatu kaandika, bila aibu, kwamba ya kutafsiriwa ndiyo tamu maana hupitwi na kitu. Nilikuwa nimeshajilaza, huyo wa tatu ndiye aliyeniamsha.

Ya kutafsiriwa ndiyo niliyoanza nayo mimi. Kibanda umiza, Mbagala, mabenchi ya mbao, televisheni ya kichogo, feni moja inayozunguka ikijisikia. Picha inaanza kwenye stesheni ya treni katikati ya jangwa. Wanaume watatu wenye makoti marefu wanasubiri treni, na wanasubiri kweli. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi. Mmoja, mwigizaji Woody Strode, anadondokewa na matone ya maji kichwani, anavaa kofia, maji yanajikusanya kwenye ukingo wa kofia, mwishowe anayanywa. Wa pili, Jack Elam, anasumbuliwa na nzi usoni mpaka anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Wa tatu anakaa anavunja vidole. Muziki hakuna. Maneno karibu hakuna. Hali hiyo inakwenda zaidi ya dakika kumi.

Sasa mweke mtafsiri wetu hapo. Mtu anayelipwa kwa kuongea kapewa dakika kumi ambazo hakuna anayeongea. Kwanza akawabatiza wale watatu: Juma, Mangi na Babu Ali. Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, sikatai. Kisha akampa nzi maneno ya kusema. Tukacheka tena. Vichekesho vikamwishia, treni haijafika, na kimya kiko palepale kinamdai. Ndipo akaamua kutusaidia. "Sasa wapenzi watazamaji, kuna mtu anakuja na hamonika, anamtafuta adui, kwa sababu zamani sana huyo adui alim..." Na sentensi akaimalizia. Yote, kwa utulivu, na ufafanuzi juu.

Steringi hajashuka kwenye treni, mkuu!

Sikutajii alichosema, na nitamshangaa atakayekutajia. Ila elewa ukubwa wa hasara. Sergio Leone kaificha hiyo sababu mpaka kwenye dueli ya mwisho, baada ya zaidi ya saa mbili. Njiani anakudokezea tu: mara picha inabadilika, unaona mtu anakuja kutoka mbali kwenye joto la jangwa, kafifia, sura haionekani. Baadaye anarudi, kasogea kidogo, bado humtambui. Mtazamaji anakaa pale akiisubiri hiyo sura. Wenzangu wote duniani walijiuliza yule ni nani na analeta nini. Mimi nilijiuliza chipsi pale nje zinauzwa mpaka saa ngapi.

Na mchezo wa majina je? Adui anaitwa Frank. Kila akimuuliza mwenye hamonika yeye ni nani, jamaa anamtajia jina, na Frank anashtuka, maana mwenye jina hilo alikwisha kufa. Akiuliza tena, anatajiwa jingine, la marehemu mwingine. Wote ni watu waliouawa na Frank mwenyewe. Hapo unatakiwa uchanganyikiwe pamoja na Frank, umjue kwa orodha ya maiti zake, huku steringi akibaki hana jina. Mtafsiri wetu akarukia: "Anamzuga tu huyo, si nimeshawaambia!" Ukumbi ukaitikia ndiyoo. Kuna mahali pia steringi anamwokoa Frank asiuawe na watu wengine, na hapo ndipo... samahani, hiyo usiisome. Basi, nimeshaiandika. Ijifanye hujaiona.

Huyo bwana sitamtaja, na huenda siku hizi ana familia na anaheshimika mtaani. Lakini namdai. Hela ya kiingilio nimemsamehe, ni ndogo. Namdai mara ya kwanza. Nimeitazama picha hii tena na tena baadaye, sauti ya asili, usiku, simu nimezima, na kila nikifika pale sura inapoanza kuonekana nasikia Kiswahili chake sikioni. Najua dunia ina matatizo makubwa kuliko haya. Bado namdai.

Wengi hapa ndipo wanaponibishia: "Si ulijua tu mwisho, muvi ni zaidi ya mwisho." Sawa, tuachane na siri. Hata kama mtafsiri angekuwa mwaminifu, asitoe siri hata moja, bado angeiua, kwa sababu kwenye picha hii sauti ndiyo inayosimulia. Ennio Morricone aliandika muziki kabla ya kupiga picha, na Leone akawa anaupiga palepale waigizaji wanapoigiza, ndiyo maana unawaona wanatembea na kugeuka kama wanaofuata mdundo. Wahusika wakubwa wana nyimbo zao. Jill, mwanamke wa picha hii, anaingia na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso, anayeimba bila neno lolote. Cheyenne, jambazi, ana wimbo wa kujivuta, nusu mzaha. Lakini steringi na adui wamepewa wimbo mmoja: hamonika inalia, gitaa la umeme linaingia juu yake na kukwaruza. Yaani masikio yanaambiwa mapema kwamba wawili hawa wana deni la zamani, na macho yanakuja kuonyeshwa baadaye sana. Kwenye ya kutafsiriwa, sauti ya picha inashushwa chini ili ya bwana mkubwa isikike. Gitaa lile linapolipuka kwa mara ya kwanza, pale shambani kwa McBain, mimi nilikuwa nasikiliza salamu kwa fundi baiskeli wa jirani.

Na shamba lenyewe! Familia inaandaa meza nje, wadudu wanalia porini kama kawaida, halafu wananyamaza. Watu wanaacha walichoshika, wanasikiliza. Wadudu wanaanza tena, watu wanapumua, wananyamaza tena. Kinachowatisha pale ni kimya. Sasa utakisikiaje kimya wakati kuna mtu anakisimulia?

Kuhusu mdogo wako, hapo hapo shambani kuna mtoto. Zaidi sisemi. Itazame wewe kwanza, kisha uamue.

Mkuu mwingine, aliyesema hapo juu kwamba Henry Fonda ndiye adui Frank, naye kaharakisha, ila hilo lipo hata kwenye mabango ya picha, tumsamehe. Kamera inamzunguka taratibu kutoka nyuma mpaka unamwona: macho ya bluu na tabasamu dogo. Mmarekani wa wakati ule alimjua Fonda kama mtu mwema, ndiye aliyemwigiza Lincoln kijana mwaka 1939, ndiye mzee wa baraza anayemtetea mtuhumiwa katika 12 Angry Men ya 1957. Alipokwenda kwa Leone alijiwekea masharubu na lenzi nyeusi za kuficha macho yake, ili afanane na katili. Leone akaviondoa vyote. Aliyataka macho yaleyale ambayo watu waliyaamini.

Tuje kwenye hizo saa mbili na dakika ishirini na tano, maana zinanitia wasiwasi mwingine. Picha kamili ina kama dakika 165. Ilitoka Italia mwishoni mwa 1968, na ilipofika Marekani mwaka 1969 Paramount, wasambazaji wake, waliikata ikabaki 145. Piga hesabu, ndiyo hiyo uliyopewa. Waliing'oa nzima sehemu ya kilabu cha njiani ambako Jill, Cheyenne na mwenye hamonika wanakutana chini ya paa moja, wakapunguza na vifo vya watu ambao utakuwa umeshawazoea. Halafu wakaongeza kipande kidogo cha steringi akiinuka baada ya risasi za pale stesheni, kwa sababu jeraha lake la mkono lilikuwa linaonekana kwenye kile kilabu walichokiondoa, wakaogopa watazamaji watadhani amekufa. Steringi afe mwanzoni mwa picha! Hao wakubwa wa Hollywood hawajawahi kukaa benchi la Mbagala. Hata hivyo huko kwao haikufanya biashara. Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 14.

Najua kuna mjanja ataniuliza: hao Wafaransa si waliitazama kwa Kifaransa? Wengi wao ndiyo. Na nakuongezea la kunipigia: hata Kiingereza cha Jill unachokisikia si sauti ya Claudia Cardinale anayemwigiza, ameingiziwa sauti na mtu mwingine, Waitaliano wa zama zile walizoea kuweka sauti baada ya kupiga picha. Sina ugomvi na hilo. Mwigizaji wa sauti anasema pale mhusika anaposema na ananyamaza pale anaponyamaza. Huyu wa kwetu ananyamaza akipaliwa tu.

Na siwachukii watafsiri, msije mkanivamia. Picha za Kichina nimekua nazo hivyo hivyo. Mtu anapigana na watu arobaini sokoni, mabomba yanalia, pale mtafsiri anaongeza utamu, hata akikosea jina la mwalimu hakuna kinachoharibika. Nitalipa kesho nikaisikilize. Ila hii ya Leone ina mazungumzo machache kiasi kwamba ukiyaandika yote hayajazi daftari, na kila sekunde iliyobaki imewekwa pale makusudi. Kumruhusu mtu aijaze ni sawa na kumkaribisha jirani kwenye chumba cha mtihani aje akupigie stori.

Kwa hiyo mkuu uliyesema inasinziza, nakuuliza swali moja tu: uliitazama ipi? Kama ni ya dakika 145 kwenye simu, spika moja, ndani ya basi, nakuelewa, hata mimi ningelala. Kama ni kamili na sauti yake na bado ulisinzia, basi tumetofautiana, nenda kwa amani. Kwangu ule uvivu ndio unaoumiza. Leone anajua bunduki ikilia yote yanakwisha kwa sekunde moja, kwa hiyo anakukalisha kwenye yale yanayotangulia mpaka unaomba wapigane.

Na wewe wa "Bronson ni gogo": ndiyo, gogo, ndiyo kazi aliyopewa. Amebeba kitu kimoja kifuani tangu utotoni, uso wake ungekuwa unachezacheza ungekuwa umeshatuambia. Angalia macho tu, hasa pale anapomsikiliza Frank akiongea. Kuhusu Eastwood, mleta uzi, kuna kichekesho chake: Leone alimtaka Bronson kwa ile kauboi yake ya kwanza ya 1964, Bronson akaikataa, nafasi ikaangukia kwa Eastwood akawa Eastwood. Ilipokuja hii, Eastwood akaombwa, naye akakataa, ikaenda kwa Bronson. Nani zaidi, bishaneni wenyewe. Mimi naona Eastwood angekuwa anatucheka kidogo, na hapa hakuna wa kumcheka.

Mengine uliyouliza yametoka kichwani, niko juu ya huyo wa tatu bado. Mkuu wa tatu, unamwambia mwenzio "hupitwi na kitu", wakati atapitwa na picha nzima! Umeiona wewe na sauti yake? Jibu hapa hapa, tuone.

Mleta uzi, kesho rudi dukani. Usiulize kama ina ubora wa HD, uliza dakika. Akikwambia 165 au karibu na hapo, mwambie aifungue mbele yako, ile stesheni. Ukisikia kinu cha upepo kinalia peke yake, chukua. Ukisikia mtu anasema "karibuni wapenzi watazamaji", vua flashi uondoke. Lugha isikutishe, weka maandishi ya chini, na Bronson mwenyewe haongei kiasi cha kukuchosha kusoma. Usiwashe taa, usipokee simu, na usiingie mtandaoni kutafuta ile dueli "uonje kwanza", zimejaa vipande vyake vya dakika tano na kila kimoja kina siri yote ndani. Jamaa akikataa kukubadilishia, mwambie akujazie katuni za mdogo wako, hela isipotee bure.

Na yeyote atakayejibu hapa chini akianza na "kumbe yule alikuwa...", naomba wasimamizi mfute kabla mleta uzi hajaamka.